Vipara vya Garsen: Nyasi Zinakufa kwa Nini?

Kiangazi kikishika kati ya Minjila na Garsen, nyasi hazifi zote kwa pamoja. Hufa kwa mabaka. Hapa pana kipara cha mviringo cha hatua mbili tatu, pale pana ukanda mrefu wa udongo mtupu unaoelekea mtoni, na mbele kidogo majani yamegeuka manjano ilhali ya jirani yangali mabichi. Abiria wa basi la Lamu akichungulia dirishani atasema ni ukame. Mfugaji atasema malka, njia za mifugo kwenda mtoni, zimezibwa. Mkulima atasema ni ng'ombe wa watu. Kila mmoja ana jibu lake kabla hajainama, nami nasema tuiname kwanza. Kipara kina umbo, kina ukingo, kina rangi, kina harufu. Anayevichunguza hivyo vinne atamjua aliyeua nyasi, na mara nyingi si yule aliyetajwa wa kwanza.

Katika Kaunti ya Tana River nyasi si pambo. Nyasi ndizo maziwa, ndizo karo ya shule, ndizo mahari. Mvua zikikosekana, mifugo hushuka kutoka Ijara, Garissa na hata mbali zaidi, kwa sababu delta ya mto Tana ndiyo hubaki na kijani wakati bara zima limekauka. Tangu mwaka 2012 hadi mapema 2013, mapigano kati ya Wapokomo, wengi wao wakulima, na Waorma, wengi wao wafugaji, yaliua zaidi ya watu 100. Siasa ilikuwa na mkono wake, lakini malisho na maji vilikuwa katikati ya ugomvi ule. Mahali penye historia kama hiyo, kumtaja muuaji wa nyasi bila ushahidi si neno dogo.

Tuanzie uani, kwa kuwa ua ni mdogo na macho yanautosha. Nyumba nyingi, shule na zahanati za ukanda huu zikitaka kijani hupanda ukoka. Ni nyasi ngumu: hutambaa, huvumilia jua, huvumilia kukanyagwa, na zikikauka juu hubaki hai chini. Kwa hiyo ukoka ukifa kabisa, jambo zito limetokea.

Kwanza tazama umbo. Baka lenye mistari iliyonyooka au kona kali ni kazi ya binadamu: njia ya mkato, kivuli cha ukuta, mahali palipotandazwa turubai, mahali palipomwagwa maji ya sabuni, chumvi ya samaki au mafuta ya pikipiki. Dalili za maradhi na wadudu mara nyingi huwa na kingo zilizopinda. Baka dogo la duara, lililokufa katikati na kuzungukwa na pete ya majani ya kijani kibichi kuliko yote ya uani, ni mkojo wa mbuzi, wa mbwa au wa ng'ombe. Naitrojeni ilikuwa nyingi mno pale ulipomwagika ikaunguza, lakini pembeni ilikuwa ya kiasi ikarutubisha. Mwagia maji mengi, kisha acha. Ukoka utatambaa wenyewe kuja kuziba. Watu hununua dawa ya ukungu kwa baka la namna hii, na fedha hiyo imepotea bure.

Pili, vuta. Shika majani ya ukingoni mwa kipara, pale penye mpaka wa yaliyokufa na yaliyo hai, kwa sababu adui huwa amehamia huko. Zikiinuka zote kama mkeka, bila mizizi ya kuzishikilia, fukua vidole vichache chini na utakuta mabuu meupe ya mbawakawa yaliyojikunja, yenye vichwa vya hudhurungi. Ukikuta vijifereji vya udongo vimepanda juu ya mabua makavu, ni mchwa, na mchwa mara nyingi hula kilichokwisha kufa. Kuwakuta hapo si ushahidi tosha kwamba wao ndio walioua. Hili limewagawa hata wataalamu. Katika jangwa la Namibu kuna maelfu ya vipara vya duara kati ya nyasi, na kwa miaka mingi watafiti wamebishana. Norbert Juergens aliandika mwaka 2013 kwamba mchwa wa mchangani ndio wanaokata mizizi, na Stephan Getzin na wenzake wakashikilia kwamba nyasi zenyewe ndizo zinazogombania maji machache na kuacha duara tupu katikati. Waliobishana hivyo ni watu waliopiga magoti na kuchimba. Basi na sisi tusiwe wepesi wa kuhukumu tukiwa tumesimama barabarani.

Viwavijeshi ni habari nyingine, na hujitangaza. Nondo hutaga mvua za kwanza zinaponyesha baada ya ukavu, na wiki mbili tatu baadaye malisho yaliyokuwa mabichi jana leo ni mabua matupu, vinyesi vidogo vya kijani chini, na ndege wamejaa. Viwavi hawa hawachagui shamba la mahindi wala malisho. Eneo lililoliwa namna hiyo ni vizuri mifugo ikae mbali nalo kwa muda, maana nyasi zinapochipuka upya baada ya shambulio kubwa zimewahi kuhusishwa na sumu ya kuua ng'ombe. Nzige wa jangwani, walioingia Kenya mwishoni mwa 2019 na kufika Tana River, walifanya kazi inayofanana kwa kasi zaidi. Dawa ya wote ni kuwahi kuona. Aliyeamka na kupekua majani alfajiri ana siku za kufanya jambo. Aliyeona mabua amechelewa.

Tatu, choma ardhi. Chukua msumari mrefu au ncha ya panga, usubiri ardhi iwe na unyevu, uchome ndani ya kipara kisha uchome pale nyasi zilipo nzima. Ikiwa ndani panakataa na nje panapokea, basi udongo umeshindiliwa na hewa haipiti. Goli la uwanja wa shule ndilo mfano wa kila mtu. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa delta una tabia hii kwa ukali: ukikanyagwa ukiwa na maji hugeuka tofali, na ukikauka hupasuka nyufa zinazokata mizizi. Hapo mbolea na maji havitasaidia kitu kabla hujapasua ardhi kwa uma wa shamba na kuwageuzia watu njia.

Sasa nifike penye chumvi, kwa sababu hapa ndipo watu wa Garsen hupoteza nyasi nyingi kwa bidii yao wenyewe. Karibu na mto, maji ya kisima huwa matamu, maana mto wenyewe ndio unaoyalisha chini kwa chini. Ukisogea mbali nao, maji mengi ya chini huwa ya chumvi. Mwenye nyumba huchimba, akakuta maji yasiyonyweka, akaona heri ayamwage kwenye nyasi. Jua huchukua maji na kuacha chumvi. Kesho tena, keshokutwa tena. Ncha za majani hukauka kwanza, rangi husawijika na kuwa ya kijivu, na nyasi hunyauka ingawa ukigusa udongo una unyevu. Mwenyewe akiona zinanyauka huongeza maji, na kila debe analoongeza lina chumvi yake. Mwishoni hutokea utando mweupe juu ya ardhi.

Kuna chumvi na kuna magadi, na tiba zake hazifanani. Chukua bonge dogo la udongo mkavu kutoka katikati ya kipara, uliweke polepole ndani ya bilauri ya maji ya mvua, usitikise, uliache kwa saa kadhaa. Likimomonyoka na kulala chini huku maji yakibaki safi, udongo hauna tatizo la magadi. Likizungukwa na wingu la maziwa lisilotua, udongo umeshika sodiamu nyingi, na udongo wa hivyo hujifunga maji yakiingia. Wenye chumvi ya kawaida unaweza kuoshwa kwa maji matamu mengi, mradi yapate njia ya kushuka. Wenye magadi huhitaji jasi kwanza, ndipo maji yafuate. Ukiuosha kwa maji matupu huzidi kujifunga. Jaribio lote hili ni la bonge moja na bilauri moja. Sioni kwa nini lisifundishwe katika kila shule ya msingi kuanzia Hola mpaka Kipini.

Uani mtu akikosea hupoteza ukoka. Kwenye delta mambo hayo hayo huenda kwa maelfu ya ekari. Shuka mpaka Ozi na Kilelengwani, karibu na Kipini mto unapoingia baharini. Huko maji ya chumvi hupanda na bamvua, na kinachoyazuia ni nguvu ya mto tu. Tana ikija na maji mengi, bahari hurudi. Tana ikidhoofika, bahari huingia mashambani. Miembe iliyopandwa na mababu imekauka kuanzia matawi ya juu, mpunga umekataa, na penye nyasi za ng'ombe huota vichaka vya majani manene ya majimaji, vile vinavyoota nyuma ya mikoko. Ukiona mimea hiyo imezunguka kipara, huna haja ya kuonja udongo. Mto nao umehamishwahamishwa: mfereji wa Belazoni, uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na mto Ozi, ndio uliofanya mdomo wa Tana uwe Kipini. Mkono wa binadamu kwenye mkondo huu haukuanza jana.

Lakini mkono mzito zaidi uko juu. Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, wa takriban kilomita 1,000, huzaliwa Aberdare na Mlima Kenya na kupita katika mabwawa matano ya umeme kabla haujaona Garissa: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Masinga ndilo ghala kubwa, lenye nafasi ya zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Nairobi hunywa kutoka bonde hilo hilo la Tana. Mwaka 2022 likakamilika bwawa la Thiba kwa ajili ya mpunga wa Mwea. Kila moja lina sababu yake, na sitaki kijana wa Nairobi akose maji wala mkulima wa Mwea akose mpunga. Ila lazima isemwe wazi kwamba kazi ya bwawa ni kupunguza kilele cha mafuriko na kukiweka kwa matumizi ya kiangazi, na kilele hicho cha Mei ndicho kilichokuwa kikiziotesha nyasi za delta.

Furiko la kiasi hufanya kazi ambazo mvua ya Garsen, ndogo kama ilivyo, haiwezi kuzifanya. Huosha chumvi. Huleta tope jipya lenye rutuba, ambalo siku hizi sehemu yake hutua chini ya Masinga. Hujaza maziwa kama Bilisa na Shakababo. Na huamsha zile nyasi ndefu za majini ambazo hurefuka kadiri maji yanavyopanda, kisha maji yakipungua hulala chini zikiwa chakula cha ng'ombe kwa miezi. Nyasi hizo zimezoea kuzama na kuibuka kila mwaka. Ukizinyima msimu mmoja huvumilia. Ukizinyima misimu mfululizo, kama ilivyokuwa katika ukame wa 2020 hadi 2023, huanza kufa kwenye viinuko, kandokando ya mikondo ya zamani, mahali ambapo maji hufika mwisho. Kwa hiyo ukikuta kipara kiko juu kidogo kuliko malisho yanayokizunguka, na hakuna nyayo nyingi, wala utando mweupe, wala wadudu, andika kwamba maji hayakufika. Ng'ombe hana hatia katika kipara hicho.

Maji pia huua. Kipara cha maji kiko bondeni; kina ngozi ya tope la kijivu iliyopasuka vipande vipande, na ukifukua mizizi ni myeusi na inanuka uvundo. El Niño ya 1997 na 1998 ilipita hapa ikavunja hata kingo za mradi wa mpunga wa Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi (TARDA), ambao ulikuwa umezuia sehemu ya uwanda uliokuwa ukifurikwa na mto tangu zamani. Yakaja mafuriko ya 2018, ya mwisho wa 2023, na ya Aprili na Mei 2024. Mabwawa yakishajaa hayana tena la kuzuia. Maji humwagika yote, na delta iliyokaa miaka na kiu hupata kwa wiki chache maji ya kuizamisha. Nyasi ndefu huibuka, zile fupi hukosa pumzi. Baada ya hapo subira ndiyo dawa. Anayeingiza ng'ombe kwenye tope bichi kwa kuwa ameona chipukizi mbili tatu hushindilia udongo ule ule tuliouchoma kwa msumari, na baka la miezi mitatu hugeuka baka la miaka.

Muuaji mwingine wa nyasi ni mti wa mathenge. Sitakaa nao sana, kwa kuwa kila mtu wa Tana River anaujua. Mti huu uliletwa kwa nia njema. Ulipandwa Bura na Hola mapema miaka ya 1980 ili skimu za kilimo zipate kuni, na ukaenea kupitia matumbo ya mifugo inayopenda maganda yake matamu. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walipeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa sababu ya maganda hayo, na 2008 serikali ikautangaza kuwa magugu hatari. Chini ya mathenge nyasi hazioti: kivuli, mizizi yenye uchu wa maji, na majani yanayoharibu udongo kwa mbegu za mimea mingine. Kipara chake hufuata kivuli chake. Ukikata bila kung'oa kisiki utavuna vichipukizi kumi, kwa hiyo ni kung'oa au kuacha.

Sasa tumpandishe ng'ombe kizimbani, maana ndiye mshtakiwa wa siku zote. Ushahidi dhidi yake upo. Malka, zile njia za mifugo kwenda mtoni, ni vipara virefu vinavyopanuka jinsi vinavyokaribia maji, na visima na marambo yote yana duara la vumbi. Hapo kwato zimeua nyasi, hilo halina ubishi. Lakini upo ushahidi wa upande wa pili. Zizi lililohamwa huwa uchi msimu wa kwanza kwa wingi wa samadi, kisha miaka ikipita huota nyasi nzuri kuliko za pembeni. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Fiona Marshall na wenzake uliofanywa Narok: mahali palipokuwa maboma ya wafugaji miaka elfu mbili na hata tatu iliyopita bado ni viwanja vya nyasi tamu, na wanyamapori huvifuata. Kiboko naye, huko kandokando ya mto, hukata nyasi kila usiku na nyasi hubaki fupi, nene na hai. Mdomo pekee hauui nyasi. Kinachoua ni kusimama mahali pamoja bila kupumzisha ardhi.

Na kwa nini ng'ombe wasimame mahali pamoja? Kwa sababu malka zimepungua. Shamba likifunga moja, mifugo iliyokuwa ikipita hapo hubanana na mingine kwenye ile iliyobaki. Ardhi ya malka iliyobaki hugeuka vumbi, mkulima wa jirani akiliona husema nilijua tu, naye hujenga ua kusogea zaidi. Huku mkulima mwenyewe amesogea mtoni kwa sababu furiko la zamani halifiki tena kwenye shamba la babu yake. Wote wawili wanasukumwa na maji yasiyofika, na kila mmoja anamwona mwenzake tu, kwa kuwa Masinga haionekani kutoka Garsen.

Ndiyo maana ningependa uchunguzi huu wa vipara ufanywe na watu wawili wawili. Wapokomo wana Gasa, Waorma wana Matadheda, mabaraza ya wazee ambayo tangu zamani yamesuluhisha mambo ya mto na malisho. Mpango wa matumizi ya ardhi ya delta uliokamilishwa mwaka 2015 ulitambua njia za mifugo na mahali pa kilimo, na tangu 2012 delta ni ardhioevu iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, yenye zaidi ya hekta 160,000. Makaratasi yapo. Kilichobaki ni mzee wa upande huu na mzee wa upande ule kutembea pamoja mwisho wa kiangazi, wakiwa na panga, chupa ya maji ya mvua na kijana wa kuandika, wakubaliane kipara kwa kipara: hiki ni kwato, hiki ni chumvi, hiki ni mathenge, hiki ni maji hayakuja. Vya kwato watavitatua wenyewe kwa kufungua malka na kupumzisha ardhi. Vya mathenge kaunti isaidie kung'oa.

Vya chumvi na vya maji yasiyokuja waende navyo juu ya mto, wakiwa sauti moja. Huko Afrika Kusini bwawa la Pongolapoort, lililokamilika mapema miaka ya 1970, liliharibu uwanda wa mafuriko wa mto Pongolo kwa namna hii hii, na katika miaka ya 1980 kamati za wenyeji zikaanza kukaa na wasimamizi kuamua maji yafunguliwe lini na kwa kiasi gani ili malisho, samaki na mashamba vipate vyao. Walivutana juu ya tarehe, kwa sababu anayelima na anayechunga hawataki maji siku moja. Delta ya Tana nayo idai meza kama hiyo, pamoja na wanaosimamia Masinga na Kiambere: furiko la kiasi, lenye tarehe inayotangazwa mapema, miaka ambayo bwawa lina maji ya kutosha. Orodha ya vipara vya Garsen, ikiwa na sahihi za Gasa na za Matadheda, iwekwe mezani siku ya kwanza.